Somo: Kuhamishia santuri za zamani kwenye kompyuta, pamoja na kuunganisha upande A na B

Wakuu, salaam. Marehemu baba aliniachia sanduku la bati lililojaa santuri, karibu zote za inchi 7, zile za kuzunguka mara 45 kwa dakika. Historia yake mnaijua: bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, tepu zikavuka mpaka kwenda Nairobi kutengenezewa santuri, maana kwetu kiwanda hakikuwepo. Nimefika nusu ya sanduku, na nilichojifunza ni kwamba kompyuta ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni maji na sindano.

Hatua ya 1: Osha

Santuri iliyolala stoo miaka 40 imeshika vumbi na mafuta ya vidole. Ukiipiga hivyo hivyo, sindano inalisaga vumbi ndani ya mifereji, na ule mlio wa vitumbua vikikaangwa hautoki tena. Natumia yale maji safi ya kuongezea betri ya gari (maji, jamani, siyo tindikali!) na tone moja la sabuni ya vyombo. Lebo ni karatasi, kwa hiyo naifunika kwa mfuniko wa kopo la plastiki na kuubana kwa kidole gumba. Kitambaa laini kifuate mzunguko wa mifereji, kisiikate. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, kisha isimamishe kwenye kichanja cha vyombo ikauke kivulini. Jua la saa saba litaikunja kama chapati.

Hatua ya 2: Sindano

Wazee walikuwa na dawa ya santuri inayoruka: sarafu juu ya kichwa cha mkono unaoshika sindano. Ya baba ilikuwa senti hamsini, kaifunga kwa utepe mweusi wa umeme, na mpaka leo ipo. Nimeibandua. Sindano nyingi za sumaku zinataka uzito wa gramu 1.5 hadi 3 tu, ukizidisha unalima. Nunua sindano mpya kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kama tundu la katikati ni kubwa, weka kile kidude cha duara cha kuzibia. Usikisie kwa macho. Santuri isiyokaa katikati inatoa sauti inayoyumba kama mlevi.

Hatua ya 3: Waya

Santuri ikichongwa, besi hupunguzwa kwa makusudi ili mifereji isipanuke kupita kiasi, na sauti nyembamba huongezwa ili mchakacho usisikike sana. Kikuza sauti cha santuri ndicho kinachorudisha mizani. Amplifaya za zamani zinacho, tafuta tundu lililoandikwa PHONO. Ukikiruka, utapata sauti ya mbu. Ukikipitia mara mbili, kwenye mashine ya kupigia santuri (nyingine zinacho ndani) na tena kwenye amplifaya, utapata mngurumo uliopasuka. Kutoka kwenye amplifaya chukua waya mwekundu na mweupe kwenye tundu la kurekodia, lile la tepu, upeleke kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB. Usichomeke kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Ule waya mwembamba wa ardhi wa mashine nao ufunge kwenye amplifaya, la sivyo mvumo utakukera.

Hatua ya 4: Rekodi

Programu ni Audacity, ya bure. Weka 44,100 Hz na biti 24. Piga kwanza sehemu yenye kelele kuliko zote, kwa kawaida pale tarumbeta zinapoingia pamoja, urekebishe kiwango kiishie kama desibeli -6. Ikigonga 0 imekatika, na hakuna fundi wa kuirudisha. Chomoa chaja: mvumo unapungua, na umeme ukikatika angalau kazi iliyorekodiwa haipotei. Zima spika, watoto wakacheze nje. Hifadhi kama WAV. Kila dakika itakula takriban megabaiti 15.

Hatua ya 5: Kuunganisha A na B

Hapa ndipo utamu ulipo. Wimbo wa dakika nane haukuenea upande mmoja wa 45, kwa hiyo ulikatwa: mashairi upande A, chemko (ile sehemu iliyochangamka ya kuchezea) upande B. Tulizoea kumkimbilia mtu ageuze santuri kabla miguu haijapoa.

Sikiliza sekunde kumi za mwisho za A na kumi za mwanzo wa B. Mara nyingine fundi alizima sauti taratibu upande A, halafu B ikaanzia nyuma kidogo, kwa hiyo mizunguko miwili mitatu ya gitaa inajirudia. Huo ndio mshono wako. Wiki iliyopita nilikuwa na wimbo mmoja wa bendi ya Morogoro. Nikatafuta pigo moja la tumba lililosikika pande zote mbili, nikavuta picha ya sauti hadi pigo likaonekana kama mwiba, nikakata A kabla yake tu na kuibandika B kuanzia hapo. Ilinichukua jioni nzima. Mama alikuwa jikoni, hakusikia mshono.

Mara nyingine bendi yenyewe ilisimama na kuanza upya. Usilazimishe. Acha ukimya wa sekunde moja uendelee. Na usipandishe sauti ya kila upande peke yake, utasikia ngazi pale zinapokutana.

Hatua ya 6: Usafi na kuhifadhi

Ondoa milipuko ya mikwaruzo kidogo kidogo. Kichujio cha kelele mimi nakiogopa, kinakula manyanga pamoja na vumbi. Kama santuri si ya stereo, changanya kushoto na kulia kuwa moja. Sehemu ya kelele inajifuta yenyewe. Nakala ya kutunza iwe FLAC (faili isiyopunguza ubora), ya kurushia ndugu WhatsApp iwe MP3. Piga picha lebo zote mbili, na uandike ile namba iliyokwaruzwa karibu na lebo. Nyingi za kwangu hazina mwaka, namba hiyo ndiyo kitambulisho pekee.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, zile mashine za kisanduku zenye USB ndani zinafaa?*
Zinaokoa hatua ya 3 yote. Ila nyingi sindano zake zinakandamiza sana. Kwa majaribio sawa, kwa nakala pekee ya ukoo hapana.

*Kaka, bibi yangu Unguja ana santuri nzito za taarab, zinazunguka 78. Nazo naziosha hivyo hivyo?*
Dada, hizo ziendee polepole. Ni za enzi zilizoanza na Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Zinavunjika kama sahani ya udongo, na spiriti inaziyeyusha, usiiguse kabisa. Futa kwa maji kidogo na ukaushe hapo hapo. Sindano yake ni nene zaidi. Ya 45 inazama chini kabisa ya mfereji na kuchota uchafu. Mashine ikikosa 78, piga kwa 45 halafu Audacity ina sehemu ya kubadili mwendo: chagua kutoka 45 kwenda 78.

*Napata sauti upande wa kushoto tu.*
Huenda umechomeka kwenye tundu la maikrofoni. Rudi hatua ya 3.

*Shikamoo mkuu. Nikimaliza naweza kuwauzia watu kwenye flashi?*
Marahaba. Haki ya nyimbo ni ya wenyewe na warithi wao, kuwa na santuri hakukupi. Sikiliza nyumbani.

*Santuri zangu tatu zimepinda. Jirani ananiambia nizipige pasi.*
Mwambie jirani asante. Ziweke katikati ya vioo viwili vya dirisha vilivyo safi, juu yake vitabu vizito, mahali penye ubaridi, wiki kadhaa. Wakati mwingine zinanyooka, wakati mwingine hazinyooki. Kama moja umeshaipiga pasi, pole sana, itundike ukutani.