Somo: Maji kiasi gani kwa siku, na ni wakati gani yanazidi

Swali la "ninywe lita ngapi" limeulizwa hapa mara nyingi mno, nami nimechoka kulijibu kwa vipande, kwa hiyo naandika jibu moja refu ili atakayeliuliza tena aelekezwe huku. Mimi si daktari. Ni mkimbiaji wa mbio ndefu aliyewahi kulazwa kwa sababu ya kunywa maji kupita kiasi, na tangu hapo nimelifuatilia jambo hili kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo shuleni. Somo linamhusu mtu mzima mwenye afya. Mwenye maradhi ya figo, moyo au ini afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Hatua ya 1: Achana na kanuni ya glasi nane. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa utendaji wa figo nchini Marekani, alichapisha matokeo ya kuutafuta ushahidi wa kanuni hiyo kwa watu wazima wenye afya na wasio na kazi nzito, na hakuupata. Alidhani huenda ilizaliwa na pendekezo la mwaka 1945 la bodi ya chakula na lishe ya nchi hiyo, lililotaja takriban lita 2.5 kwa siku na kuongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo ndani ya chakula. Nyongeza hiyo ndiyo iliyosahauliwa.

Hatua ya 2: Vijue viwango, na ujue vinahesabu nini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2010 lita 2.0 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, ilhali Marekani hutaja lita 2.7 na lita 3.7. Hayo si maji ya chupa peke yake: chai, kahawa, maziwa, supu na matunda vimo, na chakula pekee huleta takriban sehemu moja ya tano. Joto, kazi nzito, homa, kuharisha na kunyonyesha huongeza mahitaji.

Hatua ya 3: Kunywa ukiwa na kiu, acha kiu ikiisha.

Hatua ya 4: Tazama mkojo. Manjano hafifu inatosha. Ukiwa mweupe kama maji kutwa nzima, punguza. (Vidonge vya vitamini B huufanya uwe wa manjano kali, kwa hiyo usishtuke.)

Hatua ya 5: Angalia kasi ya kunywa, hasa katika mazoezi marefu. Hapa ndipo nilipoharibu. Katika mbio iliyonichukua zaidi ya saa nne nilijiwekea sharti la kunywa kila nilipokuta maji, niwe na kiu au nisiwe nayo, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kwamba anayengoja kiu amechelewa. Kabla ya kumaliza, pete ilikuwa inanibana kidoleni na tumbo likicheza kama mtungi, nami nikaona hizo ni dalili za uchovu tu. Baada ya mbio kichwa kiliniuma, nikatapika, nikaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Na waliokuwa karibu, kwa wema kabisa, wakanipa maji zaidi. Hospitalini kipimo cha damu kilionyesha sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi) milimoli 124 kwa lita, wakati kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Nilikuwa nimemaliza mbio nikiwa mzito kuliko nilivyoanza.

Maelezo yake ni haya. Figo zenye afya, mwili ukiwa umepumzika, zinaweza kutoa takriban mililita 800 hadi lita moja kwa saa, si zaidi. Katika mazoezi marefu, na vilevile mtu akiwa na maumivu au kichefuchefu, ubongo hutoa homoni ya vasopresini inayoziamuru figo zizuie maji, kwa hiyo uwezo huo hushuka sana. Maji yanayoingia huizimua sodiamu ya damu, kisha huhamia ndani ya seli, nazo huvimba. Seli za misuli zina nafasi ya kuvimba; ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Hali hiyo huitwa hiponatremia, na ikizidi huleta kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu na hata kifo.

Tahadhari tatu. Kwanza, kichefuchefu, kichwa kuuma na udhaifu hutokea katika upungufu wa maji na pia katika wingi wa maji, kwa hiyo usimmiminie maji mtu aliyechanganyikiwa baada ya mazoezi, mpeleke hospitali. Pili, kukosa mkojo wakati wa mbio hakuthibitishi kwamba umepungukiwa na maji, kwa sababu ya homoni niliyoitaja. Tatu, usishindane na mtu kunywa maji, hata kwa mzaha. Watu wamekufa.

Hatua ya 6: Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu. Kilo moja iliyopotea ni takriban lita moja ya jasho. Ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kilo80: Somo zuri mwalimu. Sasa mimi nina kilo 80, ninywe lita ngapi?

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3.

Kilo80: Nimezisoma, ila nilitaka namba moja tu.

Jibu: Namba moja ndiyo iliyonilaza hospitalini, ndugu yangu.

MsomajiWaUsiku: Umeigusa kauli kwamba anayengoja kiu amechelewa. Je, haina ukweli wowote?

Jibu: Swali zuri, asante. Kiu huamka pale ukolezi wa damu unapopanda kwa asilimia 1 hadi 2 hivi, kiwango kidogo ambacho mtu mwenye afya hukihimili bila shida. Kengele inayolia mapema namna hiyo haijachelewa. Kauli hiyo ina ukweli kwa wazee, ambao kiu yao hufifia. Wao wakumbushwe kunywa pamoja na milo, hasa siku za joto.

Mkweli_1: Unawatisha watu bure. Upungufu wa maji unaua wengi kuliko hicho unachokisema.

Jibu: Sijaandika popote kwamba watu wasinywe maji. Hata hivyo, katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na hiponatremia. Kilichohusiana nayo zaidi kilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio. Soma kwanza, kisha tubishane.

MamaWaPacha: Wanangu wana miezi minne na joto ni kali. Niwape maji kidogo?

Jibu: Hapana, dada, na umefanya vyema kuuliza. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama yanawatosha hata wakati wa joto. Wanyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe kunywa kwa kiu yako. Figo zao hazijakomaa, na maji matupu yanaweza kuishusha sodiamu yao hadi wakapata degedege. Wakitumia maziwa ya kopo, usiyazimue kuliko maelekezo ya kopo. Wakiwa wamelegea au mkojo umepungua, wapeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mbio_Taratibu: Vinywaji vya wanamichezo vyenye chumvi vinakinga?

Jibu: Kwa kiasi kidogo mno. Sodiamu yake ni ndogo sana kuliko ya damu, kwa hiyo ukivinywa kupita kiasi vinaizimua damu vilevile.

FundiSaa: Nyongeza kuhusu mizani: jipimeni bila nguo. Fulana iliyolowa jasho ilinidanganya karibu nusu kilo.

Jibu: Kweli kabisa, nilisahau kulisema. Na viatu pia.

MsomajiWaUsiku: Mimi huamka mara tatu usiku kwenda kukojoa. Je, ni maji?

Jibu: Jaribu kuvipunguza vinywaji saa mbili au tatu kabla ya kulala, kwa wiki moja. Ukiendelea kuamka, au ukiwa na kiu isiyokatika mchana, pima sukari ya damu.