Wakija na vidude vya orgone kijijini kwenu
Hawa wa kujitolea wanaozunguka Afrika kufukia vidude vya orgone (eti nguvu ya uhai isiyoonekana) karibu na minara ya simu eti vinasafisha nguvu mbaya, wakifika kwenu omba kimoja ukishike: ni resini imegandishwa na chenga za chuma, katikati kijiwe cha kristali, betri hakuna, waya hakuna. Waulize kipimo gani kinaonyesha kinafanya kazi, maana Wilhelm Reich mwenyewe, daktari aliyeanzisha habari hizi za orgone, mahakama ya Marekani ilimpiga stop kusafirisha maboksi yake ya kukusanyia orgone 1954, akafia jela 1957. Wakitaka kufukia shambani kwako kataa kwa upole, kutupa ziwani usikubali kabisa, resini ni plastiki ile haiozi. Na ukisikia wamefukia mnarani usiende kuchimba usiku, mlinzi atadhani umefuata kuiba dizeli ya jenereta, nenda mchana na mwenyekiti.