Ukitaka kudunga sindano za Kichina Nairobi, anzia hapa

Vijana hunipigia simu kuuliza karo ya kusomea akupancha, yaani tiba ya sindano za Kichina, ni pesa ngapi na China mtu hukaa miaka mingapi. Kabla sijajibu nawauliza: una leseni gani ya afya? Hapo wengi husita.

Mimi ni muuguzi kwanza, sindano za Kichina zilikuja baadaye. Chumba changu kiko Ngara, orofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Mpangilio huo huo ndio ninaoshauri: somea uuguzi, uafisa wa kliniki au fiziotherapia, upate baraza la kukusimamia, halafu ndipo uongeze sindano. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataja tiba ya asili na tiba mbadala, na inasema chombo cha kuzisimamia kitaundwa kwa sheria ya Bunge. Nenda Afya House pale Cathedral Road uulize mambo yamefikia wapi, na jibu ulipate kwa maandishi. Lakini usikubali riziki yako yote ilingoje Bunge. Tena kozi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, itakufundisha mshipa wa fahamu unapita wapi na pafu linaishia wapi, na hivyo utavihitaji kila siku ya kazi.

Njia ya China ni ndefu. Shahada ya tiba ya Kichina kwenye vyuo kama vile cha Beijing, Shanghai, Guangzhou au Chengdu, vilivyoanzishwa vyote 1956, huchukua miaka mitano, na sehemu ya mwisho unaimalizia wodini. Masomo mengi ni kwa Kichina, na mara nyingi wanataka mtihani wa lugha ya Kichina, HSK, daraja la 4. Usingoje ufike huko ndipo uanze lugha. Taasisi ya Confucius iko hapa hapa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, ya kwanza Afrika. Kuna ufadhili wa serikali ya China, na ushindani wake si mchezo. Kabla hujakata tiketi, ulizia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kule Gigiri kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa ukirudi, na uliza baraza lako litakuruhusu kufanya nini. Barua zao ziweke kwenye faili.

Kuna na wale wanaouza kozi za wikendi zenye cheti cha muhuri mwekundu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza saa 2,500 kwa mwanafunzi asiye daktari, zisizopungua 1,000 zikiwa za vitendo. Daktari aliyehitimu anayetaka kutibu kwa akupancha kikamilifu alipangiwa 1,500. Sasa piga hesabu wikendi mbili ni saa ngapi.

Ukishapata mwalimu, mwambie akufundishe mkono kabla ya nadharia. Pointi, yaani mahali pa kudunga, ziko 361 kwenye orodha ya kimataifa na utazikariri tu, kazi ni kuzipata kwenye mwili wa mtu. Chukua Zusanli, namba 36 ya njia ya tumbo, mmoja wa mistari ya mwilini ambayo pointi hupangwa juu yake. Mkalishe mgonjwa, goti likunjwe. Tafuta kishimo cha nje chini ya pia ya goti, shuka vidole vinne, halafu toka nje ya ukingo wa mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Vidole hivyo ni vya mgonjwa, si vyako. Dereva wa lori mwenye viganja vipana na msichana wa darasa la saba hawapimwi kwa mkono mmoja. Bonyeza polepole: mahali penyewe kidole huzama kidogo, kama kwenye parachichi linaloanza kuiva, na mara nyingi mgonjwa hushtuka kabla hujamwuliza.

Mwaka 1027, enzi ya Song, Wang Weiyi alitengenezesha sanamu za shaba zenye vitobo. Siku ya mtihani zilipakwa nta na kujazwa maji, na mwanafunzi akilenga sawasawa maji yanachuruzika. Sisi tunaanza na pamba iliyofungwa kwa uzi, kisha chungwa, kisha mguu wako mwenyewe. Sindano yenye unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 40 inatosha kujifunzia. Kisha sikiliza. Mtu akisema pamekuwa pazito, panavuta, pana ganzi inayosambaa taratibu, uko pazuri. Akisema "imenipiga stima", umegusa neva: rudisha nyuma mara moja, usijikaze.

Jambo la kuogopa kuliko yote ni kutoboa pafu. Jianjing, juu ya bega, ndipo kila mtu wa ofisini na kila mama mboga hukuonyesha, na chini yake kidogo tu kuna ncha ya pafu. Hapo dunga kwa kina kifupi, kwa mshazari, au shika nyama uinue kwanza. Kifua na mgongo wa juu ni hivyo hivyo. Mjamzito usimguse Hegu, ile ya kati ya gumba na kidole cha shahada. Mtu wa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, mwulize kabla ya yote. Na uliza "umekula?", kwa sababu Nairobi watu hutoka Kitengela alfajiri na chai ya rangi tupu tumboni, wakifika wanazirai kitandani kwako. Akianza kutoka jasho jembamba, toa sindano zote, mlaze, inua miguu.

Usiahidi. Hata wataalamu wa Uingereza, NICE, mwaka 2016 walisema akupancha isitolewe kwa maumivu ya kiuno, na 2021 wakairuhusu kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Kipandauso na kichefuchefu nazipokea kwa moyo mweupe. Anayetaka nimwachishe dawa za presha namrudisha kliniki yake.

Mitishamba ni somo jingine kabisa, na mimi siuzi. Mimea ya jamii ya Aristolochia imeharibu figo za watu, danggui, mzizi wa dawa wa Kichina, inagombana na warfarin, na bidhaa za mitishamba zinasajiliwa Bodi ya Dawa na Sumu. Anayekuletea magamba ya kakakuona mfukuze. China yenyewe iliyaondoa kwenye orodha ya famakopia, kitabu chake rasmi cha dawa, mwaka 2020, na hapa ni jela.

Chumba chenyewe hakina mengi: leseni ya kaunti, kitanda kisichoyumba, sindano za kutumia mara moja, kisanduku cha manjano cha kutupia sindano, na mkataba na wachoma taka wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Chanjo ya homa ya ini aina ya B chomwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kisha andika sindano ulizoingiza na ulizotoa, namba mbili, kila mara. Inayopotea huwa ya kisogoni, imejificha chini ya rasta au wigi, na mwenyewe ameshashuka ngazi anatafuta helmeti ya boda.