Thailand: karatasi zako zinaanzia kwa mwenye nyumba

Anayehamia Thailand kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala huweka akili yote kwenye viza. Viza hukufikisha dirishani tu pale uwanja wa ndege. Baada ya hapo unaishi kwa muhuri uliogongwa kwenye pasipoti, na muhuri huo unategemea anwani unayolala. Kama anwani haijaandikishwa, kuongezewa muda kunakuwa shida na cheti cha makazi hupati. Na bila cheti hicho, leseni ya udereva na mara nyingi hata akaunti ya benki zinakupita. Kwa hiyo kumchagua mwenye nyumba ni hatua ya kwanza ya uhamiaji, ingawa wengi hulijua hilo wakishalipa amana.

Kabla ya ndege

Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza kabla ya safari. Maombi hufanyika mtandaoni, thaievisa.go.th, na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio unaozihudumia nchi hizo tatu. Viza ya utalii ya kuingia mara moja ina siku 60, na ukiwa ndani unaweza kuomba nyingine 30 kwa baht 1,900. Ya kazi ni Non-Immigrant B, ya masomo ni ED, ya kufuata mume, mke au mtoto ni O. Viza ya DTV, iliyoanza Julai 2024, inawafaa wanaofanya kazi mtandaoni kwa mwajiri aliye nje ya Thailand: inadumu miaka 5, kila ukiingia unapewa siku 180, na lazima uonyeshe akiba ya baht 500,000.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inadaiwa kwa wanaotoka nchi zetu, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Ukishuka Suvarnabhumi, uwanja mkuu wa ndege wa Bangkok, nenda kwanza dawati la udhibiti wa afya, ndipo upange foleni ya Uhamiaji. Anayeliruka husimama foleni nzima, akafika dirishani, akarudishwa.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia kadi ya kuwasili ya kidijitali, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokutoza kwa kuijaza si ya serikali. Ya serikali inaishia na go.th.

Miraa ibaki Meru. Kemikali yake, kathinoni, inadhibitiwa kimataifa, na nchi hiyo haina mzaha na dawa za kulevya. Sigara za umeme nazo usibebe, kuziingiza nchini ni kosa. Habari za bangi kuruhusiwa Thailand zimepitwa na wakati: tangu Juni 2025 maua yake huuzwa kwa cheti cha mtabibu.

Kazi ya “huduma kwa wateja”

Hapa hatupiti haraka. Ukiahidiwa kazi ya huduma kwa wateja au mauzo Bangkok, mshahara wa dola, usaili wa dakika kumi kwenye simu, tiketi analipa wakala na viza ni ya utalii, usisafiri. Njia yao inajulikana. Dereva anakupokea uwanjani, gari linashika kaskazini-magharibi karibu kilomita 500 hadi Mae Sot, mji wa mpakani, unavushwa mto Moei, unajikuta Myawaddy upande wa Myanmar, ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni. Wakenya, Waganda na Waethiopia wengi walitolewa huko mwaka 2025.

Mwajiri halali hukutumia barua za kuombea Non-B kabla hujakata tiketi, na pasipoti yako hashiki. Ukiwa ndani ya gari ukaona vibao vya mkoa wa Tak, ulipo Mae Sot, ilhali uliambiwa ofisi iko Bangkok, omba kujisaidia kwenye kituo cha mafuta chenye watu, ushuke na usirudi ndani. Piga 191, au 1155 ya polisi wa watalii, ambao huzungumza Kiingereza.

Soma muhuri ukiwa bado dirishani

Tarehe ya mwisho kwenye viza inasema tu kwamba uingie kabla yake. Muda wa kukaa ni ule wa muhuri, na siku ya kuingia inahesabiwa kuwa ya kwanza: ukiingia tarehe 1 Machi kwa siku 60, mwisho ni tarehe 29 Aprili, si 30. Ofisa naye ni binadamu, aina ya viza huweza kuandikwa vibaya. Kurekebisha pale pale ni rahisi. Ukishaondoka ni safari nyingine.

Karatasi nyingi za ndani huandika mwaka wa Kibudha, uliotangulia wetu kwa miaka 543. Mwaka 2569 ni 2026. Kwenye mkataba wa nyumba au risiti ya bima, toa 543 kabla hujaingiwa na hofu au kujipa matumaini.

Kupitiliza muda ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000. Lakini faini ndiyo nyepesi. Ukijisalimisha mwenyewe baada ya kuzidisha siku 90, unafungiwa kuingia mwaka 1. Ukizidisha mwaka, miaka 3. Ukikamatwa kabla ya kujisalimisha, hata kama ulizidisha wiki moja, unafungiwa kuingia miaka 5, na ukizidisha mwaka ni 10.

Chumba

Sheria ya Uhamiaji inamtaka mwenye nyumba aripoti mgeni ndani ya saa 24. Fomu yake ni TM30. Faini ni yake, ila usumbufu ni wako: ofisa akikosa taarifa hiyo kwenye mfumo huenda asiguse ombi lako mpaka iingizwe. Wapo wenye nyumba wanaokwepa kwa kuogopa kodi ya mapato, na wapo wasiojua kabisa.

Basi kabla ya kutoa hata baht moja uliza: utaniandikia TM30, na utanipa nakala ya risiti yake? Akisita, tafuta pengine, hata kama chumba kina roshani na bwawa la kuogelea. Akikubali, chukua pia nakala ya kitambulisho chake iliyosainiwa, nakala ya daftari la nyumba liitwalo tabien baan, na mkataba wenye saini za pande zote mbili. Piga picha zote uziweke kwenye simu. Kila ofisi ya Uhamiaji ina desturi zake, na ofisi ya mkoa mmoja itakudai kilichopuuzwa na mwingine.

Malipo ya kuingia huwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili, mkataba mwaka. Ukiondoka kabla ya mwaka kwisha, amana kwa kawaida imekwenda. Siku ya kukabidhiwa piga video ya kuta, godoro, kiyoyozi na mita za umeme na maji. Mabishano ya amana huishia kwenye doa ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwepo lini.

Umeme ndio unaoumiza. Ukilipa moja kwa moja kwa shirika la serikali, uniti huwa karibu baht 4. Majengo mengi ya vyumba huuza kwa 7 au 8. Kiyoyozi kikiwaka usiku kucha mwezi Aprili, tofauti hiyo hukaribia nusu ya kodi ya chumba cha bei nafuu. Uliza bei ya uniti kabla ya kuuliza kodi. Na kama unakwenda Chiang Mai, jua kwamba kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa na moshi hutanda. Mwenye pumu apange pengine.

Siku 90, na kutoka nchini

Ukikaa siku 90 mfululizo unaripoti anwani kwa fomu TM47. Dirisha linafunguka siku 15 kabla ya tarehe na kufungwa siku 7 baada yake. Ukichelewa ukajipeleka mwenyewe, baht 2,000. Mara ya kwanza nenda ofisini. Zinazofuata hufanyika mtandaoni. Kuripoti hakuongezi hata siku moja ya kukaa, na wapo waliopitiliza muda huku wakiwa na risiti ya TM47 mkononi, wakidhani wako salama. Ukitoka nchini, hesabu ya 90 inaanza upya.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hutokea kwenye msiba au harusi ya nyumbani. Mtu ana muda wa mwaka mzima aliouongezewa, anapanda ndege bila kibali cha kurudi, na muda wote unafutika anapogongewa kutoka. Kibali hicho, TM8, ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari nyingi. Hutolewa ofisi za Uhamiaji, Bangkok iko Chaeng Watthana, na hata Suvarnabhumi kabla ya kutoka. Mwenye wazazi wazee achukue cha safari nyingi mapema.

Kibarua

Viza ya B peke yake hairuhusu kufanya kazi. Unahitaji kibali cha Idara ya Ajira, na kinamtaja mwajiri. Kampuni ya kawaida hutakiwa kuwa na mtaji uliosajiliwa wa baht milioni 2 na Wathai 4 kwa kila mgeni mmoja, na Uhamiaji wakikuongezea muda hutazama mshahara: kwa raia wa nchi zetu kiwango cha chini ni baht 25,000 kwa mwezi. Siku ajira inapokwisha na muda wako nao unakwisha, siku hiyo hiyo. Unaweza kuomba siku 7 kwa baht 1,900. Hivyo tarehe ya barua ya kuacha kazi ipangwe na mwajiri mpya akiwa tayari na karatasi.

Kufanya kazi bila kibali ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000 na kurudishwa kwenu. Kinachowashangaza dada zetu wengi ni kwamba ususi na unyoaji vimo kwenye orodha ya kazi za Wathai pekee, pamoja na kuongoza watalii na kuchuuza barabarani. Kusuka rafiki chumbani kwa malipo ni kosa hilo hilo, na aghalabu huchongewa na mtu wa karibu.

Walimu: shahada na cheti cha polisi cha tabia njema vithibitishwe na wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wa Thailand, kabla ya kusafiri. Kuvishughulikia ukiwa huko kunakula miezi. Kwenye mkataba angalia idadi ya miezi inayolipwa. Mwaka wa shule huanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na mawakala wengi hulipa miezi 10 au 11. Aprili ni wewe na akiba yako.

Pesa, dawa, barabara

PromptPay ndiyo M-Pesa ya huko, ila inakaa juu ya akaunti ya benki. Hata muuza mihogo ana msimbo wake wa QR. Kufungua akaunti kwa viza ya utalii ni bahati nasibu, kwa kibali cha kazi ni rahisi. Laini ya simu isajiliwe kwa pasipoti yako mwenyewe: benki sasa hulinganisha jina la laini na la akaunti, na laini ya kuazima hufunga programu ya benki. Usimkopeshe mtu akaunti hata siku moja, hata ndugu. Akaunti za kupitishia pesa za utapeli hupeleka mwenye jina jela.

Anayekaa siku 180 au zaidi kwa mwaka ni mkazi kwa hesabu za kodi ya mapato, na tangu 2024 kipato cha nje kikiingizwa nchini huweza kutozwa. Ritani ni mwisho wa Machi.

Ukiajiriwa rasmi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, hadi kikomo, kwa hifadhi ya jamii, na unachagua hospitali moja ya kutibiwa. Inahitaji michango ya miezi 3, kwa hiyo beba bima ya kuanzia. Gari la wagonjwa ni 1669.

Magari hupita kushoto kama kwetu, jambo linalowadanganya watu kukodi pikipiki siku ya pili. Leseni ya gari haifai kwa pikipiki, na bima humtafuta mwenye leseni sahihi kabla ya kulipa mfupa uliovunjika.

Polisi huwasimamisha Waafrika, hasa mitaa ya Nana na Sukhumvit, Bangkok, usiku, na huweza kupekua au kutaka kipimo cha mkojo. Tembea na pasipoti au nakala yake yenye ukurasa wa muhuri, jibu kwa upole, usipaze sauti. Kuhusu mfalme na familia yake usiandike lolote mtandaoni, hata utani. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai ni jela miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa.

Lugha ya Kithai ina toni tano, kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana, na inachosha, lakini Mswahili ana mtaji. Ng' ya ng'ombe, inayowashinda Wazungu, ndiyo inayoanzia ngaan, kazi, na ngoen, pesa. Na saa za usiku wanahesabu kama sisi: nueng thum ni saa moja usiku, song thum ni saa mbili, hadi tano. Mchana wanabadilisha hesabu, hapo uliza tena. Kwa mdomo uliokosa ugali, khao niao, wali wa kunata, huliwa kwa kufinyanga tonge, na mboga ya khana ikikatwa nyembamba inakaribia sukuma wiki.

Kenya ina ubalozi Bangkok. Watanzania na Waganda huhudumiwa kutoka Kuala Lumpur, kwa hiyo pasipoti ikibakiza mwaka mmoja anza kuishughulikia, maana Uhamiaji hawaongezi muda kupita mwisho wa pasipoti. Mpya ikifika, usiitupe ya zamani. Nenda nazo zote mbili Uhamiaji wahamishe muhuri, ukiwa na risiti ya TM30.