Jinsi ya kumfundisha mchezaji kusoma mchezo

Yupo mchezaji mwenye mbio na pumzi ya dakika 90, lakini kila akipewa mpira anaupoteza. Kocha humwongezea mazoezi ya pasi. Mara nyingi pasi zake hazina tatizo. Anaanza kufikiri mpira ukiwa tayari mguuni. Mifano hapa ni ya soka, ila hatua hizi zinafaa pia kwenye netiboli, basketboli na mpira wa mikono.

Hatua ya 1: Pima anachokijua

Chukua video ya mechi, isimamishe mpira ukiwa karibu kupigwa, kisha uliza: nini kinafuata, na kwa nini? Mpe sekunde tatu tu. Jibu la "ningempa winga" halitoshi. Mbane aseme alichokiona. Mgeni wa mchezo humtaja mwenye mpira. Mzoefu hutaja uhusiano: beki wa kulia amevutwa ndani, kwa hiyo winga amebaki peke yake.

Tofauti hiyo haitokani na akili kubwa ya kukariri. Mwaka 1980 Fran Allard na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa picha za basketboli kwa sekunde chache, kisha wakapanga upya kwa kumbukumbu nafasi za wachezaji. Shambulizi lilipokuwa limepangika, wanaocheza basketboli waliwazidi wasiocheza. Picha zilipokuwa hazina mpangilio, ubora huo ukatoweka. Uzoefu humjazia mchezaji mipangilio anayoitambua mara moja, na mipangilio hiyo inaweza kufundishwa.

Hatua ya 2: Tenganisha asiyejua na asiyeweza

Akijibu vizuri kwenye video lakini akakosea uwanjani, anajua. Anachokosa ni muda au ufundi. Akikosea hata kwenye video, kumpigia kelele mechi nzima hakusaidii. Mrudishe kwenye video.

Hatua ya 3: Mfundishe kutazama kabla ya kupokea

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Pima eneo la mita 30 kwa 20, weka lango na kipa upande mmoja. Washambuliaji watatu, mmoja wao akiwa kiungo, dhidi ya mabeki wawili. Kiungo anapokea mpira akiwa amelipa lango mgongo. Beki wa tatu anasubiri nje, nyuma yake, na anaruhusiwa kuingia pale tu pasi inapopigwa, kutoka kushoto au kulia atakavyo mwenyewe.

Sasa mtazame kiungo shingoni, miguu iache kwanza. Asipogeuza kichwa mpira ukiwa njiani, atageukia mdomoni mwa beki. Akitazama mapema, mguso wake wa kwanza utaelekea upande ulio wazi, na ghafla wako watatu dhidi ya wawili. Rudia hadi kutazama kusihitaji kukumbushwa.

Wapo makocha wanaonyanyua vizibao vya rangi nyuma ya mchezaji ili ataje rangi kabla ya kugusa mpira. Kwa siku za mwanzo ni sawa, shingo inazoea. Lakini kizibao hakikabi mtu. Hamia haraka kwa mpinzani wa kweli.

Hatua ya 4: Piga filimbi, uliza, nyamaza

Simamisha zoezi, kila mtu abaki alipo. "Nani yuko huru?" Kisha funga mdomo. Ukijibu wewe, umecheza wewe. Usisimamishe kila dakika, mchezo utapoteza kasi na watakuchukia.

Hatua ya 5: Watumie wakongwe

Miaka mingi uwanjani peke yake haitoshi. Wapo waliocheza misimu kumi kwa mazoea yaleyale. Chagua mkongwe anayeongea, mpange karibu na kijana. Maneno yawe mafupi: "Mtu!" "Geuka!" "Rudisha!" Sentensi ndefu hufika mpira ukishapotea.

Hatua ya 6: Hesabu maamuzi

Kwenye mechi, mpe msaidizi wako karatasi yenye safu mbili: uamuzi na utekelezaji. Pasi sahihi iliyopigwa vibaya inapata alama kwenye safu ya kwanza, inakosa ya pili. Anayepiga shuti katikati ya mabeki watatu huku mwenzake yuko peke yake mbele ya lango hapati alama ya uamuzi, hata kama limeingia. Jiandae kwa ubishi, maana washambuliaji hawaipendi kabisa karatasi hiyo.