Kazi ya meno Ukerewe: ratiba yako ifuate mwezi

Mdogo wangu unayeulizia kama daktari wa meno anaweza kuishi huku visiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria: anaweza, ila ratiba ya Mwanza mjini iache mjini. Huku watu wengi wanategemea dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo za kupangia kazi ndefu, kuziba na kusafisha. Wakati wa giza mvuvi atakuja asubuhi hajalala, mkewe yuko mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotia nanga, anaanika dagaa, na anachotaka ni ung'oe aondoke. Usipojipanga utashinda mwaka mzima na koleo mkononi. Naamini hilo huwachosha vijana wetu kuliko giza la umeme kukatika.

Maana umeme ukikatika, kuziba kunaendelea. Njia ya ART, ya vifaa vya mkono bila mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwangua uozo laini, safisha, kausha kwa pamba, jaza glasi ayonoma (dawa ya kuzibia inayoshika kwenye jino), kandamiza kwa kidole ulichopaka Vaseline, angalia meno yanavyokutana akiyafumba, halafu asile kwa saa moja. Inafaa zaidi tundu dogo la upande mmoja. Jino linalomkesha mtu kwa maumivu usilizibe hivyo.

Hili linalofuata lisome mara mbili. Mtoto akiletwa taya limevimba, meno yanacheza, na mama anasema uvimbe ni wa juzijuzi tu, weka koleo chini. Ukanda huu wa Ziwa una saratani ya Burkitt, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini ikiwahiwa inasikia dawa. Piga simu hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, siku hiyo hiyo, andika rufaa, kisha kaa na mama mjue meli ya lini, nauli ya nani, na wadogo zake mtoto watabaki na nani. Mama asiye na nauli hapandi meli, hata barua yako iwe nzuri vipi. Mimi nimebaki huku kwa sababu ya watoto hao: mara nyingi wa kwanza kuchungulia kinywa chao ni mtu wa meno, na akikosea siku hiyo, wiki zinapotea.

Utakutana pia na "meno ya plastiki". Kichanga anaharisha, ana homa, ufizi umetuna, na bibi anaamini vijino vilivyo ndani ya ufizi ndivyo vinavyomuumiza, anataka ving'olewe. Usimkaripie bibi. Mwonyeshe kwa kidole kwamba lile ni chipukizi la chonge, kisha mtoto apimwe malaria na apewe ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Omba bibi mwenyewe amrudishe baada ya siku mbili tatu, aone amepona na vijino vyake vipo. Huko mwaloni watamsikiliza yeye kabla yako.