Jinsi ya Kutumia Kitenzi cha Kiingereza "Outweigh" kwa Usahihi

Kitenzi "outweigh" hutumika pale mambo mawili yanapopimwa, kisha moja likaonekana kuwa na uzito zaidi ya jingine. Maana yake ya msingi ni kuzidi kwa uzito wa mizani, lakini mara nyingi kinachopimwa huwa ni umuhimu: manufaa na hatari, faida na hasara, sababu za kukubali na za kukataa.

Hatua ya kwanza ni kuamua lipi ni zito, kwa kuwa hilo ndilo linalokuwa kiima, na lililozidiwa likawa yambwa. "The benefits outweigh the risks" maana yake ni kwamba manufaa yanazidi hatari. Ukibadilisha nafasi za nomino hizo umebadilisha na uamuzi wenyewe, na mtu anayesoma maelezo ya dawa ataelewa kwamba dawa hiyo haifai kutumiwa.

Hatua ya pili ni kuileta yambwa moja kwa moja baada ya kitenzi. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hujikwaa, kwani wamezoea kulinganisha kwa "kuliko", na hivyo huandika "outweigh than" au "more outweigh". Yote mawili ni makosa, maana ulinganisho umo tayari ndani ya kiambishi "out-", kama ilivyo katika "outlive", yaani kuishi muda mrefu kumpita mwingine. Anayetaka kutia mkazo atangulize "far" au "clearly": "The costs far outweigh the gains."

Hatua ya tatu ni nyepesi: andika "outweighs" kiima kikiwa nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, "outweighed" kwa wakati uliopita, na "is outweighed by" katika kauli ya kutendwa. Herufi "gh" hazitamkwi, na mkazo huangukia silabi ya mwisho.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza zaidi: usichanganye uzito na idadi. Kwa idadi kuna "outnumber". Hatari moja ya kupoteza uhai inaweza kuzidi faida kumi ndogo ndogo, na ndiyo maana swali la insha la IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, linalouliza iwapo faida zinazidi hasara halijibiwi kwa kuhesabu hoja. Mtahiniwa anapaswa kueleza kwa nini upande aliouchagua ni mzito, hata kama ameutolea hoja mbili tu dhidi ya nne za upande wa pili.